Nondo ya Fundi Bakari

Zuhura mwanangu, mke mwenzangu,

Salamu sikuandikii. Tumeamkiana leo alfajiri, ukanipa ile shikamoo yako ya haraka haraka, nikakujibu marahaba, basi yatosha. Sasa umekwenda Masoko kuaga kwa shangazi zako, mabinti wa kaka yangu, na mimi nimejifungia chumbani na kalamu niliyoiiba mkobani mwako. Mwandiko usiucheke. Shule sikukanyaga. Hizi herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tumekaa chini wanawake na watoto migongoni, na mpaka leo nikiandika mkono unauma kama nimetwanga mpunga wa harusi.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kujihadhari na wanaume wa Lindi sikuambii. Una miaka ishirini na ulimi unao. Kama hukujifunza kwangu, hutajifunza kwa karatasi. Nina neno moja tu, na lazima ulijue kabla hujapanda basi kesho.

Juzi ulikuwa unapara samaki uani. Ukasema, "Bibi, unajua fundi mkuu wa ile nyumba ya wageni ya Lindi ninayokwenda kufunga umeme ni nani? Bakari! Bakari yule yule wa hapa Kivinje."

Nikakuuliza, "Nani kakwambia?"

"Tajiri mwenyewe kanitajia. Mwache tu. Siku ya kwanza nitangoja mafundi wote wamekaa kula, nisimame mbele yao, nimwambie: mimi ni binti Athumani, na wewe ndiye uliyemuua baba yangu kwa kula nondo moja."

Ukagonga kisu ubaoni, magamba yakaruka. Mimi nikasema, "Angalia usijikate." Basi. Mdomo huu unaoogopwa mtaa mzima ulitoa maneno hayo tu.

Zuhura, Bakari hakumuua baba yako. Nondo aliiweka. Mimi ndiye niliyeing'oa.

Nimeshaliandika. Nimekaa kitako nalitazama, na halifutiki, wino wako mzuri. Sasa nikueleze lilivyokuwa, maana ukilipata nusu utalikamilisha mwenyewe, na wewe kwa kukamilisha mambo hujambo.

Baba yako alikuwa mtu wa vipya. Ruksa ilipotangazwa na kila mtu akaweza kuuza na kununua, yeye alishika ufuta. Alinunua kwa wakulima wa bara, akauza kwa wenye meli, na mara mbili akafika Dubai. Safari ya pili alirudi na maboksi manne. Hakuleta vitambaa wala redio. Akayafungua hapa sebuleni, akasema, "Mama, nataka nyumba ijiendeshe yenyewe. Maji yapande bila mtu kuteka. Taa za nje ziwake zenyewe giza likiingia. Kengele mlangoni. Na swichi moja kando ya kitanda changu, nikiibonyeza nyumba nzima inalala."

Nikamwambia, "Na mimi je, nitabonyezwa wapi?"

Akacheka. Sisi sote tulicheka. Lakini ukweli, mwanangu, sikuwa natania.

Akamwita Bakari. Alikuwa kijana wa mtaa wa nyuma, mtani wangu kwa upande wa mama, mwembamba kama fito. Kila akiingia mlangoni tunaanza. Mimi: "Jamani, huyu fundi au waya wenyewe umekuja kwa miguu?" Yeye: "Mama Athumani, ulimi wako huo tukiuunga kwenye nguzo, Kivinje yote itawaka na dizeli tutaacha kununua."

Maboksi mawili yalikuwa ya rimoti, mawili ya waya. Baba yako alitaka yale ya rimoti, kwa sababu ndiyo ya kuwaonyesha watu. Bakari akayageuza geuza, akayarudisha chini. Akasema, "Kaka Athumani, hizi za rimoti hewa ya chumvi itazila ndani ya mwaka, na zikiharibika hujui ubovu uko hewani au ukutani. Waya ukiugua unaushika, unaufuata mpaka unafika kwenye ugonjwa." Wakabishana siku mbili. Bakari akashinda. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, ingawa sikumwambia.

Na kazi yake, sikiliza, maana wewe ni fundi utaielewa kuliko mimi. Hakugusa tindo mpaka amechora kila njia ya waya ukutani kwa mkaa. Akakataa kulaza waya kwenye chokaa hivi hivi, akasema mchanga wetu wa pwani una chumvi na chumvi itatafuna, kila waya uingie kwenye bomba. Akaniomba kanga kuukuu, nikampa, akaichana vipande akafunga kwenye ncha za waya: vyekundu vya pampu, vyeupe vya taa, vyenye maua vya kengele. Halafu akatuambia, kila mtu aingie chumbani kwake amefumba macho. Pale mkono ulipogusa ukuta, akaweka alama ya mkaa. Swichi ikakaa hapo. Wewe ulikuwa na miaka saba. Ukaingia umefumba macho, umetoa ulimi, ukagusa ukuta chini kabisa. Baba yako akasema, "Mtoto atakua, weka juu." Bakari akasema, "Akikua atainama. Sasa hivi ndio anaogopa giza."

Ile swichi ya chini chumbani mwako, uliyoniuliza mara ngapi nani aliiweka vibaya, ni yeye.

Pampu ikakaa kisimani, tangi juu, ndani ya tangi boya. Maji yakipungua boya linashuka, pampu inajiwasha. Yakijaa inajizima. Ikabaki nondo.

Alikuja nayo begani, ndefu, ya shaba, na waya wa kijani mkononi. Akazunguka nyumba nzima akichokoa udongo. Mbele jiwe tupu. Upande wa jikoni mchanga mkavu. Akasimama nyuma ya bafu, pale penye unyevu siku zote, akasema, "Hapa."

Nikamuuliza ya nini.

"Umeme ni kama mbuzi, Mama Athumani. Kamba ikikatika lazima akimbilie mahali. Nondo hii inamwonyesha pa kukimbilia. Akipita hapa, kile kisanduku cha ukutani kinashtuka, kinazima nyumba nzima. Bila nondo, kisanduku kinalala, na mbuzi anamkimbilia mtu."

"Akimbilie kwingine. Hapo vitovu vya wanangu vimelala."

Unajua kwetu. Mtoto akidondosha kitovu, tunakizika nyumbani, ndipo anakuwa mtu wa hapo. Pale nyuma ya bafu nilizika cha Athumani, na vya wale wawili walionifia wachanga, na chako wewe. Kupigilia chuma pale, kwangu mimi, ilikuwa kama kupigilia tumbo la mwanangu. Nilimwambia hivyo Bakari, na Bakari hakucheka. Alichuchumaa, akasema kwa adabu, "Nionyeshe mahali penyewe, nitasogea hatua mbili, tatu, unyevu bado upo."

Sasa hapa ndipo panaponichoma. Sikupakumbuka. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu cha baba yako, na baada ya chako bafu lilikuwa limehamishwa, na mimi sikujua ni hapa au ni pale. Ningesema, "Bakari, sipakumbuki, tutafute pamoja," tungesogea, yangeisha. Lakini mama mtu mzima nitasemaje mbele ya mwanangu kwamba nimesahau kilipolala kitovu chake? Nikasema, "Ni hapa pote!" Nikapiga mguu. "Pote, mpaka kwenye ukuta!"

Baba yako akaniambia, "Mama, huu ushamba sasa." Mbele ya fundi. Kisha akamkonyeza Bakari, akidhani sioni.

Wiki ile nikaenda msibani Sudi, siku mbili. Niliporudi udongo wa nyuma ya bafu ulikuwa umetifuliwa, umesawazishwa vizuri, na kichwa cha nondo kimefunikwa kwa jiwe. Nikajua. Sikusema kitu. Wewe unayenijua, mimi nikinyamaza ujue pana hatari.

Nikakaa siku tatu. Na katika siku hizo, mke mwenzangu, acha nikwambie nilichokuwa nakiona, kwa sababu vitovu vilikuwa nusu tu ya habari. Asubuhi nilizoea kuita, "Maji!" na nyumba ikaamka. Sasa maji yalikuwa yanapanda yenyewe. Magharibi mimi ndiye niliyekuwa nawasha taa ya kibaraza, na watu wakipita wakisema, "Mama Athumani ameshawasha, twende tukasali." Sasa taa ilikuwa inawaka nikiwa bado nafunga kanga. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nyumba ilikuwa inakwenda bila mimi. Nikaona kilichobaki changu ni kile kipande cha udongo nyuma ya bafu, na hicho nacho wamekichukua nikiwa msibani.

Siku ya nne, mchana, hapakuwa na mtu. Nikamwaga maji ndoo tatu, nikaitikisa nondo, nikaitikisa, nikaing'oa. Waya wa kijani nikaukata kwa panga, ncha nikaizika, jiwe nikalirudisha. Nondo nikaitumbukiza chooni.

Nikangoja. Taa zikawaka. Pampu ikapandisha maji. Kengele ikalia. Nikacheka peke yangu, nikasema, kumbe halikuwa na kazi lile lidude! Usiniulize kama nilijua. Niliambiwa. Nilisikia habari ya mbuzi kwa masikio haya. Nilichagua kuamini taa.

Ikapita miezi, vuli ikapita, masika ikaingia. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika asubuhi na wewe ulikuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Pampu ikawa inanguruma lakini maji hayapandi. Baba yako akatoka miguu mitupu, kwenye tope, akasema, "Imekwama hii." Nilikuwa jikoni. Nilimwona akiinama. Akaweka mkono kwenye chuma cha pampu, na hakuuondoa.

Jirani ndiye aliyepiga kelele, "Msimguse! Zimeni umeme!" Kisanduku hakikushtuka. Kilikuwa kimelala, kama Bakari alivyosema. Mpaka mtu anafika ukutani kukizima, mwanangu alikuwa ameshakwenda.

Bakari alikuja mbio, mguu mmoja ndara, mwingine hana. Hakumtazama maiti. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya bafu, akaondoa jiwe, akachimba kwa mikono. Akainua ile ncha ya waya wa kijani juu, watu wote wakaiona. "Umekatwa," akasema. "Nondo haipo."

Mmoja akasema, "Ilikuwapo lini?" Mwingine, "Ameiuza. Shaba ile, ameiuza!" Likawa hilo. Kaka yangu akamkamata shingo, akaniuliza mbele ya watu, "Dada, wewe ulimwona huyu akiipigilia?"

Nikasema, "Sikuwapo."

Neno la kweli, Zuhura. Sikuwapo, nilikuwa Sudi. Aliyekuwapo alikuwa amelala chini ya shuka. Nimeishi na neno hilo la kweli miaka kumi na mitatu, na sijawahi kusema uongo unaonuka kama lile.

Bakari akanitazama. Waya uliokatwa kwa koleo la fundi unajulikana, na uliokatwa kwa panga unajulikana. Alikuwa ameushika mkononi. Alitazama ncha, akanitazama mimi, nilivyokaa na kichwa cha mwanangu mapajani. Alijua. Naapa alijua pale pale. Wakampiga, akaanguka, akainuka, hakusema. Mwezi haukuisha, akahama na mkewe mjamzito kwenda Lindi, na hapa jina lake likabaki la kutishia mafundi: usitufanyie ya Bakari.

Na wewe nikakulea juu ya jina hilo. Kila ulipouliza baba alikufaje, nilikulisha Bakari. Ulipokuwa na miaka kumi na tano ukasema, "Nitajifunza umeme mimi, asife mtu mwingine kwa fundi mwizi," nikakubusu, nikaingia ndani nikafunga mlango. Miaka miwili umekwenda na kurudi Masoko kwa mwalimu wako wa ufundi, jioni unarudi na mikono myeusi unanieleza, "Bibi, leo tumepima ethi, ile nondo ya ardhini." Nami nikakupakulia wali.

Mungu nimemwomba, usidhani sikumwomba. Lakini haki ya mtu haifutwi kwa kusujudu tu, sharti mwenyewe aifute. Hilo nalijua tangu utotoni, na bado nilijifanya sijui, kwa kuogopa jambo moja tu: macho yako. Polisi siwaogopi, majirani siwaogopi. Mama yako alitangulia ukiwa mchanga, kisha nikazika mtoto wangu nikabakiwa na wewe, na nikasema, akijua huyu naye ataondoka. Sasa unaondoka hata hivyo. Na unaondoka kwenda kumvunja mtu aliyepigwa kwa ajili yangu akanyamaza, kwa sababu hakutaka kumwambia mama, mbele ya maiti ya mwanawe, kwamba ni yeye.

Kuhusu kazi yako sina la kukufundisha, ila moja nimelilipia. Hiyo nyumba ya wageni mtakayoiwekea waya, kila taa na kila kengele ikiamriwa kutoka mezani pale mapokezi, itakuwa na mtu anayeiona inamkimbia. Labda mpishi, labda mlinzi wa zamani, labda mama yake tajiri. Atakataa kitu kidogo kisicho na maana, hapa msitoboe, pale msichimbe. Usimcheke kama baba yako. Usingoje aende msibani. Kaa naye mpaka aseme anachokiogopa, hata kama ni siku nzima. Halafu ukishawasha, rudi baada ya mwezi upime tena, kwa sababu nyumba inakaa watu, na watu tunang'oa.

Baba yako alinidharau, na hilo nalo ni kweli, nisimfanye malaika kwa kuwa amekufa. Lakini dharau haiui. Nimejaribu miaka mingi kumgawia sehemu ya kosa, haipokei.

Nilitaka kuificha barua hii ndani ya begi lako la vifaa, uikute Lindi. Nikaona huo ni ujanja wa mchana ule ule, wa kufanya jambo watu hawapo. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi jioni, na nitakaa mbele yako unaposoma. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wasikie, ni zamu yao kusikia. Ukitaka kulala kwa shangazi yako, nenda. Usinisamehe kwa haraka kwa sababu mimi ni mzee. Uzee sikuuomba uje kunitetea.

Lakini kwa Bakari usiseme lolote. Mwamkie tu, kama unavyomwamkia mtu mzima yeyote. Maneno ni yangu, na mafundi wote wakiwa wamekaa kula, kama ulivyotaka, mimi ndiye nitakayesimama. Asubuhi nilikwenda kwa yule kijana wa tiketi. Nimekata ya pili. Akaniuliza, "Bibi, unamsindikiza mjukuu?" Nikamwambia, shika kazi yako.

Kama hutaki kukaa nami kiti kimoja, kaa mbele, mimi nitakaa nyuma, wala sitakusemesha njia nzima. Ila tukifika Lindi, mwanangu, usishuke ukaniacha garini. Kwa Bakari sipajui.

Bibi yako,
Mama Athumani